Ngoja ngoja ya rufaa za mafao ya ulemavu Marekani

MTU anayeomba mafao ya ulemavu kwa serikali ya Marekani hukabiliwa na uwezekano mkubwa wa kukataliwa mara ya kwanza, na mkubwa zaidi mara ya pili. Ni katika hatua ya tatu tu, anapoketi mbele ya jaji, ndipo mambo hubadilika: takriban nusu ya mashauri yanayoamuliwa katika hatua hiyo humalizika kwa mwombaji kushinda. Tatizo ni kwamba safari ya kumfikia jaji huyo ni ndefu, na wapo wanaofariki dunia wakiwa njiani.

Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliyotolewa mwaka 2020, ilibainisha kuwa kati ya mwaka wa fedha 2008 na 2019 waombaji 109,725 walifariki kabla ya kupata uamuzi wa mwisho wa rufaa zao. Wengine wapatao 48,000 walitangaza kufilisika katika kipindi cha mwaka 2014 hadi 2019 wakiwa bado wanasubiri. Ripoti haikusema kuwa ucheleweshaji ndio uliowaua. Hata hivyo, takwimu hizo zinaonyesha ni watu wa aina gani wanaopangishwa foleni.

Mafao ya aina mbili

Mafao hayo husimamiwa na Idara ya Hifadhi ya Jamii, SSA. Aina ya kwanza, SSDI, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1956 nayo ni bima: hulipwa mtu aliyefanya kazi na kuchangia kupitia makato ya mshahara. Aina ya pili, SSI, ilianza kulipwa Januari 1974 na huwalenga wenye kipato duni, hata kama hawakuwahi kuchangia. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha SSI kutoka serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi, na mpokeaji hakuruhusiwa kuwa na akiba na mali zinazohesabiwa za zaidi ya dola 2,000.

Sharti la kiafya ni lile lile kwa mafao yote mawili. Mtu mzima anatakiwa kuonyesha kuwa hawezi kufanya kazi yoyote ya maana, na kwamba hali hiyo imedumu au itadumu kwa miezi 12 au zaidi, au itamfikisha kwenye kifo. Hakuna ulemavu wa nusu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mgonjwa kweli, daktari wake akathibitisha, na bado akaambiwa kuwa zipo kazi nyepesi anazozimudu.

Ngazi za kupanda

Ombi la kwanza huamuliwa kwa kusoma mafaili katika ofisi za majimbo, na takriban thuluthi moja tu ya waombaji hukubaliwa. Anayekataliwa ana siku 60 za kuomba mapitio, ambapo ofisa mwingine husoma faili lile lile. Hapo wanaofanikiwa ni wachache mno, takriban 15 kati ya 100. Hatua ya tatu ni kusikilizwa na jaji wa masuala ya utawala. Anayeshindwa hapo huweza kwenda Baraza la Rufaa la SSA na hatimaye mahakama ya shirikisho.

Jaji huyo si wa mahakama ya kawaida, bali ni mtumishi wa SSA mwenye kinga ya kisheria ya kuamua kwa uhuru. Hakuna wakili wa serikali wa kumpinga mwombaji, na jaji mwenyewe ana wajibu wa kuhakikisha ushahidi umekamilika. Kikao ni cha faragha na mara nyingi humalizika ndani ya saa moja. Tangu janga la korona la mwaka 2020, vingi hufanyika kwa simu au video.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa mwombaji wa kawaida kuonana au kuzungumza na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Maumivu ya mgongo, msongo wa akili na uchovu usiokwisha havionekani vizuri kwenye karatasi. Aidha, hadi kufika hapo ugonjwa huwa umezidi na vyeti vya hospitali vimeongezeka.

Foleni iliyohama

Mwaka wa fedha 2008, wastani wa kusubiri uamuzi wa jaji ulikuwa siku 514. SSA iliajiri majaji zaidi, na kufikia mwaka 2012 muda ukashuka hadi karibu mwaka mmoja. Lakini mdororo wa uchumi na kuzeeka kwa kizazi kilichozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimeongeza maombi, huku bajeti ikibana. Mwaka 2017 wastani ulifikia siku 605, na mashauri yaliyolundikana yalizidi milioni 1.1.

Mlundikano huo umepungua sana. Mwaka 2024 mashauri yaliyokuwa yakisubiri majaji yalikuwa chini ya 300,000, na muda wa kusubiri ulikuwa chini kidogo ya mwaka. Hata hivyo, foleni ilihamia mlango wa chini. Ombi la kwanza, lililochukua takriban miezi minne kabla ya janga la korona, lilichukua zaidi ya miezi saba mwaka 2024, na katikati ya mwaka huo zaidi ya maombi milioni moja yalikuwa hayajaamuliwa. Anayesoma takwimu za majaji peke yake hawezi kujua kuwa safari nzima, kwa aliyekataliwa mara mbili, bado ilikuwa inakaribia au kuzidi miaka miwili.

Bahati ya jaji na wakili

Mwombaji hachagui jaji, lakini jaji ni jambo zito. Uchunguzi wa GAO wa mwaka 2017 ulikadiria kuwa uwezekano wa mwombaji wa kawaida kukubaliwa ungeweza kutofautiana kwa pointi 46 za asilimia kutegemea jaji aliyempata. Kashfa ya jaji David Daugherty wa West Virginia, aliyehukumiwa kifungo mwaka 2017 kwa kupokea malipo haramu kutoka kwa wakili Eric Conn, ilionyesha hatari ya upande wa pili: mafao yaliidhinishwa kwa vyeti vya uongo. Wateja wengi wa wakili huyo, wakiwamo wagonjwa halisi, walilazimika kuthibitisha haki yao upya.

Uchunguzi huo wa mwaka 2017 pia ulionyesha kuwa waliokuwa na mwakilishi walikubaliwa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wasio naye. Sehemu ya tofauti hiyo yaweza kutokana na mawakili kuchagua kesi zenye nguvu. Kwa kawaida wakili hulipwa pale tu mteja anaposhinda: asilimia 25 ya malimbikizo, bila kuzidi kikomo kilichopandishwa hadi dola 9,200 mwishoni mwa mwaka 2024.

Kwa wakimbizi, wakiwamo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, kuna saa nyingine inayohesabu. Sheria inawaruhusu kupokea SSI kwa miaka saba tu tangu wapewe hadhi hiyo, isipokuwa wawe wamepata uraia au wametimiza masharti mengine. Muda wa rufaa huliwa humo humo. SSA hutoa mkalimani bila malipo, na mwombaji hana haja ya kumtumia mtoto wake kutafsiri.

Anayeshinda hulipwa malimbikizo, na kwenye karatasi hesabu huonekana imesawazishwa. Lakini nyumba iliyouzwa hairudi, dawa zilizokosekana haziwezi kumezwa kwa mkupuo, na mpokeaji wa SSDI kwa kawaida husubiri miezi 24 ya kustahiki mafao ndipo apate bima ya afya ya Medicare. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika foleni hii, takriban nusu ya wanaofika kwa jaji walikuwa wakingojea kilicho chao.