Mageuko na Imani ya Kikristo katika Nchi ya Wagusii

Mageuko ni kubadilika kwa sifa za kurithi katika viumbe, kizazi hadi kizazi. Nadharia yake, aliyoichapisha Charles Darwin mwaka 1859, inashikilia kwamba viumbe vyote, binadamu akiwemo, vina asili moja. Kama nadharia hiyo yaweza kukaa nyumba moja na Ukristo ni swali la dunia nzima, ila katika vilima vya Kisii na Nyamira lina sura yake. Wakatoliki walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, Waadventista Wasabato wakafika Nyanchwa mwaka 1912, na makanisa hayo mawili yamelea sehemu kubwa ya Wagusii, kanisani na darasani. Yanasoma kitabu kilekile cha Mwanzo, lakini hayakukibebesha mzigo mmoja, na hapo ndipo penye jibu.

Kwa Msabato, siku sita za uumbaji si pambo la simulizi. Duka lifungwalo jua la Ijumaa likitua hufungwa kwa kuwa Mungu alipumzika siku ya saba. Amri ya Sabato yenyewe inaitaja sababu hiyo. Siku zikigeuzwa kuwa mamilioni ya miaka, mwenye duka atauliza anapumzika kukumbuka nini. Ndiyo maana mkutano mkuu wa kanisa hilo uliofanyika San Antonio, Marekani, mwaka 2015 ulikaza kauli yake: siku sita halisi, tena si za zamani sana. Anayeuita msimamo huo ujinga hajausikiliza. Ni ukuta uliojengwa kwa mpango, tofali moja likichomolewa mengine hulegea. Jumapili ya Mkatoliki husimama juu ya ufufuo, kwa hiyo Papa Pius XII aliweza mwaka 1950 kuruhusu uchunguzi wa asili ya mwili wa binadamu, mradi ikubaliwe kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Wala huko si kumkimbilia Darwin. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa Algeria ya leo, alizitafakari siku hizo zaidi ya miaka 1,400 kabla yake, maana jua linatokea siku ya nne, na siku tatu za kwanza zilipambazuka vipi?

Ushahidi wenyewe wa mageuko hautoki mbali. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary Leakey alipata fuvu la Prokonsuli, nyani wa takriban miaka milioni 18. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona huko Nariokotome kipande cha kwanza cha mifupa ya Kijana wa Turkana, wa takriban miaka milioni 1.5, na mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo wa Kipentekoste aliongoza upinzani dhidi ya kuonyeshwa kwa mifupa hiyo katika makumbusho ya Nairobi. Mifupa hubishaniwa kwa urahisi kuliko damu. Mwaka 1949 Anthony Allison alipima damu za watu nchini Kenya akaona kwamba kando ya Ziwa Victoria na pwani wabebaji wa jeni ya selimundu walizidi asilimia 20, ilhali kwenye nyanda za juu na sehemu kame hawakufika asilimia 1. Anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hukingika na malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Palipo na mbu wengi, jeni ilidumu: huo ndio uteuzi wa asili. Vimelea vya malaria navyo vilibadilika: dawa ya klorokwini ilishindwa nguvu, na mwaka 1998 Kenya ikaiacha kama tiba ya kwanza.

Hapo huambiwa kwamba hayo ni mageuko madogo, kwani kimelea bado ni kimelea. Lakini hakuna aliyeonyesha uzio unaozuia madogo kulimbikizana. Binadamu na sokwe wote wana jeni mbovu ya kutengeneza vitamini C, iliyoharibika kwa namna zinazolingana, kama wanafunzi wawili walionakili kosa moja. Ndiyo sababu tunahitaji kupata vitamini hiyo kwenye mboga kama chinsaga.

Pingamizi zito ni kifo. Mtume Paulo anakifungamanisha na dhambi ya Adamu, ilhali mageuko yanakiweka mamilioni ya miaka kabla yake, na mtoto wa selimundu anabeba gharama ya kinga ya wengine. Mkristo anayekubali mageuko hana budi kusoma kifo anachokitaja Paulo kama cha kiroho. Ni gharama halisi, na asijifanye hailipi. Hoja ya asiyeamini, kwamba uteuzi wa asili umemfuta Mungu, ni nyepesi zaidi. Mkulima anajua kuwa unyevu wa ziwa ndio unaoleta mvua ya alasiri, na bado anashukuru.

Shule nazo hazikuleta upatanisho. Katika mtaala wa 8-4-4, uumbaji ulifundishwa Kidato cha Kwanza katika somo la dini, na mageuko Kidato cha Nne katika biolojia. Mtahiniwa yuleyule aliweza kujibu yote mawili katika mtihani wa KCSE, kila moja kwenye karatasi yake, na hakuna msahihishaji aliyezisoma zote mbili.