Gobore la babu: kwa nini mtambo wake usifunguliwe nyumbani

Mzee anafariki, ndugu wanafungua dari, na hapo linaonekana gobore lililofungwa kwa kipande cha gunia. Kijana mmoja analipangusa vumbi, kisha anatafuta bisibisi na tupa ili mtambo "uwe mwepesi". Tunaomba aishie kwenye dari.

Silaha hizi zina historia ndefu kwetu. Katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, pembe za ndovu zilishuka pwani, na bunduki na baruti zikapanda bara. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu yake kwa rugaruga wenye bunduki. Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipozidiwa na Wajerumani Januari 1893, alilipua ghala lake la baruti ili asikamatwe hai.

Bunduki ya gumegume huwasha baruti kwa cheche za jiwe, na ile iliyoifuata kwa fataki. Zote mbili zina springi inayoisukuma nyundo, na jino dogo linaloishikilia mpaka kifyatulio kivutwe. Jino hilo likiliwa na kutu au tupa, hata kidogo tu, nyundo inaweza kuteleza yenyewe bunduki ikidondoka au ikigongwa na mlango. Tena gobore hushindiliwa kwa mbele, hivyo kulitazama kwa nje hakukuambii kama lina kitu ndani. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu hulipuka hata baada ya miongo mingi. Babu huenda alilishindilia akalisahau.

Upande wa sheria, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa mwenye silaha, na kibali kwa anayetengeneza au kukarabati. Fundi baiskeli, hata awe hodari vipi, hana kibali hicho. Na urithi si leseni.

Ukilikuta, liache lilipo, watoe watoto, usivute kifyatulio "kujaribu". Piga 112 au nenda kituo cha polisi bila kulibeba, uwaeleze lilipo. Serikali pia imewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama Septemba na Oktoba 2022. Kikitangazwa kingine, uliza ofisi ya mtendaji wako zinapokelewa wapi.