Léopards wa 1974: gisi ekipe yenye talanta ilianza mwaka na kombe na kuumaliza na aibu

Huku kwetu Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, na hata ukishuka kandokando ya ziwa kufika Makobola na Baraka, swali hili linarudi kila msimu. Ekipe ya shule ao ya chuo ina vijana wanaojua kabumbu, kila mtu anasema mwaka huu ni wao, kiisha wanaanguka mapema. Pembeni ya uwanja maneno yanaanza: wamerogwa, kochi ameuza mechi, vijana wamevimba kichwa.

Wazee wanaozungumza juu ya mambo haya hawachelewi kutaja mwaka 1974. Katika mwaka huo ekipe ya inchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ilichukua Kombe la Afrika mwezi wa tatu. Mwezi wa sita ilifungwa mabao 9 kwa 0 kwenye Kombe la Dunia. Wachezaji karibu ni wale wale, na kochi ni yule yule. Ni nini kilipita katika ile miezi mitatu?

Ekipe haikuwa ya bahati nasibu

Kwanza tuondoe wazo kwamba Léopards walifika Ujerumani kwa kubahatisha. Miaka ile kabumbu ya Kongo ilikuwa juu sana. Mwaka 1968 ekipe ya taifa ilikuwa imeshapata Kombe la Afrika kule Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1 kwa 0. Englebert ya Lubumbashi, ile tunayoita leo TP Mazembe, ilikuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwaka 1973 AS Vita Club ya Kinshasa nayo ikachukua kombe hilo, ikiishinda Asante Kotoko ya Ghana. Mwaka uleule beki Bwanga Tshimen wa Lubumbashi akatajwa mchezaji bora wa Afrika.

Ekipe ya taifa ilijengwa juu ya vilabu hivyo. Golini alisimama Kazadi Mwamba. Nyuma kulikuwa Bwanga, Lobilo Boba na Ilunga Mwepu. Mbele kulikuwa Kakoko Etepe, Mayanga Maku, Kembo Uba Kembo na Ndaye Mulamba. Wengi walikuwa wamecheza pamoja miaka mingi.

Kochi alikuwa Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia, zamani mlinda lango wa inchi yake. Mwaka 1970 alikuwa amewapeleka Wamoroko kwenye Kombe la Dunia kule Mexico, kwa hiyo mashindano hayo hayakuwa mageni kwake. Mwezi wa kumi na mbili 1973, Zaire iliifunga Moroko 3 kwa 0 mjini Kinshasa. Wamoroko walilalamikia mwamuzi na wakakataa kucheza mechi ya marudio. Zaire ikapata tiketi. Ilikuwa inchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Mbele yake zilikuwa zimefika Misri mwaka 1934 na Moroko mwaka 1970 tu.

Mwezi wa tatu: furaha ya Cairo

Kombe la Afrika la 1974 lilichezwa Misri. Zaire haikuanza vizuri sana. Iliifunga Guinée 2 kwa 1, ikafungwa 2 kwa 1 na jirani wa Brazzaville, kiisha ikaipiga Maurice 4 kwa 1. Katika nusu fainali wenyeji Misri walitangulia kwa mabao 2. Zaire ikarudi na kushinda 3 kwa 2.

Fainali ilikuwa na Zambia, tarehe 12 mwezi wa tatu. Zaire ilikuwa inaongoza 2 kwa 1, na Zambia ikasawazisha dakika ya mwisho kabisa ya nyongeza. Wakati ule hawakupiga penalti, mechi ilirudiwa. Tarehe 14 Zaire ilishinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba. Kwa jumla alifunga 9 katika mashindano yale, na mpaka leo hesabu hiyo inabaki rekodi ya Kombe moja la Afrika.

Waliporudi Kinshasa walipokelewa kama wafalme. Raisi Mobutu aliwaahidi nyumba na magari. Ekipe ikawa mali ya serkali, picha ya ile Zaire mpya aliyotaka kuonyesha dunia. Ni wakati uleule inchi ilikuwa inatayarisha pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman, lililofanyika Kinshasa tarehe 30 mwezi wa kumi 1974.

Mwezi wa sita: mechi tatu, mabao 14

Kule Ujerumani ya Magharibi, Zaire iliwekwa kundi moja na Scotland, Yugoslavia na Brazil, bingwa wa dunia wa 1970. Kundi lile lilikuwa zito kwa ekipe yoyote.

Tarehe 14 mwezi wa sita, mjini Dortmund, Scotland ilishinda 2 kwa 0. Ilikuwa kushindwa kwa heshima. Léopards walicheza, walishambulia, na hakuna aliyewacheka.

Tarehe 18, mjini Gelsenkirchen, ikaja Yugoslavia, inchi ya kochi Vidinić mwenyewe. Dakika ya 18 ilikuwa tayari 3 kwa 0. Dakika ya 21 Kazadi aliondolewa golini akaingia Tubilandu Ndimbi, mtu mfupi wa kimo. Dakika iliyofuata bao la nne likaingia. Wachezaji wakamzunguka mwamuzi kwa hasira, mmoja akampiga teke, na Ndaye Mulamba akaonyeshwa kadi nyekundu. Lakini hakuwa yeye. Ilunga Mwepu alikubali baadaye kwamba mguu ulikuwa wake. Kwa hiyo Zaire ikabaki na watu 10 na bila mfungaji wake bora. Kufika mapumziko ilikuwa 6 kwa 0. Mwisho, 9 kwa 0.

Tarehe 22 Brazil ilishinda 3 kwa 0. Kwa Wabrazil mabao hayo yalikuwa hesabu kamili: Scotland iliifunga Zaire mabao 2, wao walihitaji 3 ili wapite mbele yake. Waliyapata, na Scotland ikarudi kwao bila kushindwa hata mechi moja.

Jumla: mechi tatu, kufungwa 14, bao la kufunga hakuna.

Sababu ya kwanza: feza

Wachezaji wenyewe, walipozeeka na kuanza kusema bila woga, wengi walianzia hapa. Walikuwa wameahidiwa posho, zile sisi tunaita prime. Kati ya mechi ya Scotland na ile ya Yugoslavia walijua kwamba feza haitawafikia. Viongozi walikuwa wengi katika msafara, na wachezaji waliamini kwamba feza yao imebaki mikononi mwa wakubwa hao. Walitisha kutocheza. Mwishoni waliingia uwanjani, lakini Ilunga Mwepu alisimulia kwamba roho ya kucheza ilikuwa imekwisha.

Tukumbuke kwamba hawa hawakuwa wachezaji wa Ulaya wenye mshahara mkubwa. Mobutu alikuwa amewarudisha nyumbani wale waliokuwa wakicheza Ubelgiji, na hakutaka vipaji vitoke inchini. Kwa mchezaji wa 1974, prime ya Kombe la Dunia ndiyo ilikuwa nafasi ya pekee ya kujenga maisha.

Sababu ya pili: mikono mingi juu ya ekipe

Kwa nini Kazadi aliondolewa? Watu wengine walimshtaki Vidinić kwamba aliisaidia inchi yake. Kochi alijitetea akisema amri ilitoka kwa mkubwa wa wizara ya michezo. Hata tukiacha nani alisema kweli, jambo moja linaonekana: katika kikundi kile haikujulikana nani anaamua. Kubadilisha mlinda lango dakika ya 21, wakati mabeki wameshachanganyikiwa na hakuna aliyeumia, ni kuwaambia wachezaji wote kwamba viongozi nao wamepoteza kichwa.

Sababu ya tatu: woga

Baada ya zile 9, Mobutu alikasirika sana. Ilunga Mwepu alisimulia kwamba watu wa ulinzi wa raisi walifika hotelini, wakawafukuza waandishi wa habari, na wakatoa onyo: mkifungwa na Brazil mabao 4 ao zaidi, hakuna atakayerudi nyumbani.

Kwa hiyo siku ya Brazil wachezaji hawakuwa wanatafuta ushindi. Walikuwa wanahesabu mabao ya kufungwa.

Hapo ndipo inaingia ile picha ambayo dunia inairudia mpaka leo. Brazil wanapata mpira wa adhabu karibu na goli. Mbele ya wao kupiga, Ilunga Mwepu anatoka kwenye ukuta, anakimbia na kuupiga mpira mbali. Anapewa kadi ya manjano. Watangazaji wa Ulaya walicheka wakasema Waafrika hawa hawajui sheria.

Ni uongo mtupu. Mtu aliyecheza Lubumbashi katika klabu kubwa, aliyeshinda Kombe la Afrika miezi mitatu mbele, atakosa kujua mpira wa adhabu unapigwa na nani? Mwenyewe alieleza kwamba alifanya makusudi, kwa hasira. Alitaka atolewe nje, kwa sababu hakuona maana ya kuendelea kuumia uwanjani wakati wengine wanakula feza yao. Dunia ilicheka kitu kilichokuwa malalamiko.

Sababu ya ine: kutojua ulimwengu wa nje

Tusisingizie wakubwa peke yao. Kwa mchezo wenyewe pia kulikuwa na tofauti. Léopards walizoea Afrika, ambako mbio na ufundi wao viliwatosha. Yugoslavia ilikuwa na watu kama Dragan Džajić na Dušan Bajević, wenye kupiga mipira ya juu na ya adhabu kwa mpango. Bajević alifunga 3 siku ile. Hata ekipe iliyolipwa na yenye amani ingeweza kufungwa na Yugoslavia na Brazil. Lakini kati ya kufungwa 2 ao 3 na kufungwa 9 kuna umbali, na umbali huo haukuletwa na ufundi. Mechi ya Scotland ni ushahidi: siku ine tu mbele, watu wale wale walikuwa wamesimama vizuri.

Kilichofuata

Mobutu aliigeuzia ekipe mgongo. Mwaka 1976 Zaire ilienda Ethiopia kutetea kombe lake, ikatoka katika hatua ya makundi. Tangu 1974 Zaire, na kiisha Kongo, haijachukua tena Kombe la Afrika.

Aibu ya 9 kwa 0 ilibebeshwa Afrika nzima. Ilibidi kungoja mwaka 1978, Tunisia ilipoifunga Mexico 3 kwa 1, ukiwa ushindi wa kwanza wa Afrika kwenye Kombe la Dunia.

Ndaye Mulamba, yule wa mabao 9, alipewa heshima kwenye Kombe la Afrika la Tunisia mwaka 1994. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha wakamvamia wakifikiri ameleta feza, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika ya Kusini, akaishi maisha magumu, akilinda magari ya watu huko Cape Town. Mwaka 1998 ilisemwa amekufa, na watu wakasimama kimya kumkumbuka, naye yuko hai. Alifariki kweli mwezi wa kwanza 2019, mjini Johannesburg. Ilunga Mwepu alikuwa ametangulia mwaka 2015.

Sisi wa mashariki tuliwaona Léopards wengine mwezi wa pili 2024, huko Côte d'Ivoire. Mbele ya nusu fainali walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole kichwani kama bunduki, juu ya watu wanaokufa huku kwetu. Walifungwa 1 kwa 0. Lakini hao walisimama kwa mapenzi yao, hakuna askari aliyewangoja hotelini.

Kwa ekipe zetu za ziwani

Hadithi hii inamhusu kochi wa shule na kiongozi wa chuo kuliko inavyoonekana. Ekipe ya vijana haina prime kubwa, lakini ina feza ya safari, maji ya kunywa, viatu na dawa. Ikikusanywa kwa wazazi na isionekane, kijana anajua mara moja, hata asiposema. Mwalimu mkuu, kamati na mfadhili wakipanga wachezaji kila mtu upande wake, kochi anabaki jina tu. Na kijana akiambiwa «mkifungwa msirudi», atacheza kwa kujificha.

Kwa hiyo msimu ukienda vibaya, mbele ya kutafuta mchawi, tuulize mambo matatu: feza ilifika kwa nani? Nani alikuwa na neno la mwisho juu ya ekipe? Na vijana waliingia uwanjani wakiogopa nini? Léopards wa 1974 wangekuwa na jibu kwa yote matatu. Bahati mbaya, wakati ule hakuna aliyewauliza.