Shamba la Lexington na Siri ya Arosto

Mwaka 1935, nje kidogo ya mji wa Lexington katika jimbo la Kentucky, serikali ya Marekani ilifungua jumba kubwa la matofali lililokuwa hospitali na gereza kwa pamoja, likizungukwa na mashamba ambamo wagonjwa walilima na kufuga, kwa itikadi ya zama zile kwamba hewa safi na kazi ya mikono vingetosha kumkomboa mtu katika utumwa wa mofini na heroini. Itikadi hiyo haikusimama, kwani wengi waliotoka humo na siha njema, baada ya miezi bila kuonja dawa, walizirejea mara walipofika makwao.

Tabibu Abraham Wikler, mtafiti wa mahali hapo, hakuharakia kuwalaumu, bali aliwatazama. Aliona kwamba watu ambao miili yao ilikwisha kutakasika, wakiketi pamoja na mazungumzo yakaangukia dawa, baadhi yao hupiga miayo, machozi yakawalenga na kamasi zikawachuruzika, kana kwamba arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, imewarudia papo hapo. Ndipo, mwaka 1948, alipoeleza kuwa mwili nao hujifunza: mtaa na masahibu walioambatana na dawa hugeuka ishara, na ishara hiyo huamsha hamu hata pale ambapo dawa haimo tena mwilini.

Elimu hii ilipatikana kwa thamani ya kusikitisha, maana wafungwa waliokubali kufanyiwa majaribio waliweza kulipwa dawa zile zile zilizowatia utumwani. Wala majaribio hayo juu ya wafungwa hayakukoma ila katika miaka ya 1970.

Bibi Marie Nyswander, tabibu aliyewahi kutumika Lexington, alishirikiana na tabibu mwenzake Vincent Dole mjini New York, na mwaka 1965 wakatangaza habari za wagonjwa 22 waliopewa dawa ya methadoni kila siku, hamu yao ikatulia, na wengi wakashika kazi au masomo. Miaka mingi baadaye, dawa hiyo ilianza kutolewa pia katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011.

Basi, ndugu msomaji, umwonapo kijana alfajiri katika foleni ya kikombe chake cha methadoni, usimwite teja wala usimhesabu dhaifu wa dhamiri. Yule ni mgonjwa aliyefuata tiba, naye anastahili salamu yako kama mgonjwa mwingine yeyote.