Moyo Warudi kwenye Sumaku Dhaifu

Picha ya kwanza ya kifua cha binadamu aliye hai iliyopigwa kwa MRI, yaani kipimo kinachotumia sumaku na mawimbi ya redio badala ya eksirei, ilipatikana Brooklyn, New York, tarehe 3 Julai 1977, na katikati ya mapafu moyo ulionekana kama kivuli kilichofifia. Sumaku yenyewe ilikuwa na takribani tesla 0.05 tu, tesla ikiwa ndiyo kizio cha kupimia nguvu za uga wa sumaku. Mwenye mashine, Daktari Raymond Damadian, alikuwa ametangulia kuingia humo yeye mwenyewe bila kupata kitu, ikadhaniwa kuwa unene wake ndio uliokwamisha kazi. Ndipo msaidizi wake mwembamba, Lawrence Minkoff, alipokaa ndani kwa karibu saa 5, akisogezwa kidogo kidogo ili nukta moja ifuate nyingine. Kwa kuwa muda wote huo moyo wake haukuacha kudunda, kilichochorwa kilikuwa mchanganyiko wa mapigo mengi, wala si umbo la pigo lolote.

Kufifia kwa picha hiyo kuna asili yake katika maji ya mwilini, ambayo viini vya haidrojeni vilivyomo hujipanga kwa sehemu ndogo sana kufuata uga wa sumaku, kisha vikichokozwa kwa mawimbi ya redio hutoa ishara, na uga ukiongezeka ishara nayo hukua. Watengenezaji wakakimbilia nguvu, na mashine za tesla 1.5, zilizoanza kuingia hospitalini katika miaka ya 1980, hatimaye zikawa za kawaida katika uchunguzi wa moyo.

Nguvu hizo zilikuwa na gharama yake, na gharama hiyo iliuangukia moyo kuliko viungo vingine. Damu inayopita kwa kasi ndani ya uga mkali huzalisha umeme wake, ukavuruga kipimo cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, ambacho mashine hukitegemea ili kujua moyo umefikia wapi katika pigo lake. Na joto linalosababishwa na mawimbi ya redio, ambalo huongezeka kwa mraba wa nguvu za uga, huweza kuunguza tishu zinazogusana na waya wa chuma unaoongoza katheta, ule mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni.

Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mjini Bethesda, wakiongozwa na Adrienne Campbell-Washburn, walichapisha matokeo ya mashine ya tesla 1.5 waliyoishusha hadi 0.55 huku wakibakiza mitambo yake ya kisasa, na moyo ukaonekana vizuri. Kwa hesabu ya mraba, joto lilipungua takribani mara 7, nao wakaweza kupitisha katheta kwa waya wa chuma mgonjwa akiwa ndani ya sumaku. Kuuita uvumbuzi huo kipimo cha maskini ni kuukosea heshima, ingawa ni kweli kwamba una unafuu wake: mashine ya kibiashara ya tesla 0.55 iliyofuata hutumia chini ya lita 1 ya heli, kimiminika baridi kinachopoza sumaku, mahali ambapo mashine za zamani huhitaji zaidi ya lita 1,000.

Mwaka 2022 mashine nyingine ya MRI iliunganishwa hukohuko Mbarara, Uganda, kwa ajili ya watoto wanaojaa maji kichwani. Ina sumaku za kudumu zisizohitaji heli kabisa, na nguvu zake ni takribani tesla 0.05, zilezile za Brooklyn. Lakini imeundwa kwa ajili ya kichwa, ambacho, tofauti na moyo, hukubali kutulia.