Kabla hujafuta sauti ya shosho: historia fupi ya diski kujaa

Wiki mbili zilizopita nilikaribia kupoteza sauti ya shosho yangu, na kosa lilikuwa langu.

Lapi yangu ni ya mtumba, diski yake gigabaiti 32. Usiku huo nilikuwa na video ya kumaliza, na kila nikijaribu kuihifadhi naambiwa diski imejaa. Nikafanya kile wengi wetu hufanya: nikaingia kwenye folda zangu, nikatafuta kitu kizito. Nikapata rekodi za shosho, gigabaiti moja na kidogo, akisimulia jinsi alivyolea watoto saba na vile alipata shamba lake. Shosho alituacha mwaka jana. Nikajidanganya eti binamu yangu lazima ana kopi. Hakuwa nayo. Nikafuta.

Kilichoniokoa ni kwamba nafasi haikuongezeka. Nilipoanza kutafuta mbona, nikagundua faili ukiifuta kawaida huenda kwanza kwenye pipa la taka, na pipa lenyewe liko kwenye diski hiyohiyo. Nikazirudisha mbio.

Halafu nikafanya hesabu ambayo ningefanya mwanzo. Vitu vyangu vyote, pamoja na shosho, havikufika gigabaiti 4. Sasa ni nani alikuwa amejaza nyumba?

Wasee, hii shida ni ya zamani kutuliko. Mwaka wa 1956 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta iitwayo RAMAC, ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya kuhifadhia. Diski zenyewe zilikuwa 50, kila moja upana wa inchi 24, zimepangwa kama sahani. Kifaa kizima kilizidi tani moja. Kilibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu yako inaweza kukijaza na kumwagika.

Kufikia miaka ya tisini mwanzoni watu wana kompyuta mezani, na diski zinajaa. Kununua diski kubwa ilikuwa gharama, kwa hivyo kampuni ndogo ya California, Stac Electronics, ikaja na programu iitwayo Stacker. Kazi yake ilikuwa kubana data. Fikiria unaandika maneno ya wimbo. Huandiki kiitikio mara nne. Unakiandika mara moja, kwingine unaweka "rudia kiitikio". Stacker ilifanya hivyo na faili, na diski ileile ikabeba karibu mara mbili.

Mwaka wa 1993 Microsoft wakatoa MS-DOS 6.0 ikiwa na kitu cha aina hiyo ndani yake, DoubleSpace. Stac wakaenda kortini wakidai hataza zao zimevunjwa. Mwaka wa 1994 baraza la mahakama likawapa Stac dola milioni 120. Microsoft nao walishinda dai lao dhidi ya Stac, dogo zaidi, na mwaka huohuo pande mbili zikapatana nje ya korti. Soma hiyo tena: watu walipelekana kortini kwa mamilioni juu ya nafasi kwenye diski. Nafasi haijawahi kuwa kitu kidogo.

Sasa njoo karibu na lapi yangu. Mwaka wa 2007 Asus walitoa Eee PC, kalaptopu kadogo ka bei nafuu, moja ya matoleo yake ikiwa na gigabaiti 4 tu. Ilifanya kazi kwa sababu ilikuja na Linux nyepesi. Mwaka wa 2014 zikaja laptopu za Windows za gigabaiti 32, kama HP Stream 11 iliyouzwa Marekani kwa karibu dola 200. Windows 10 ilipotoka mwaka wa 2015, iliomba gigabaiti 16 hadi 20. Mwaka wa 2019 kiwango cha kompyuta mpya kikapanda hadi 32. Windows 11, mwaka wa 2021, ikaanzia 64.

Umeona mchezo? Mashine haikubadilika. Sakafu ndiyo ilipanda. Na hata hizo 32 si 32: mtengenezaji huhesabu gigabaiti kama baiti bilioni moja, Windows huhesabu kwa 1,024 mara tatu, kwa hivyo kwenye skrini unaona kama 29.

Sisemi masasisho ni mabaya. Mengi huziba mianya ya usalama, na kuyakataa ni kuacha mlango wazi. Ninachosema ni hiki: ukiambiwa diski imejaa, usianze kwa kujilaumu, na usianze kwa kufuta maisha yako. Anza na taka za mashine.

Mimi nilifanya hivi. Kwanza nilinakili rekodi za shosho kwenye flashi mbili, moja ikabaki kwa mamangu. Kisha nikafungua Settings, System, Storage, nikaingia Temporary files. Hapo ndipo mabaki ya masasisho ya zamani hujificha. Soma kila kisanduku kabla hujaweka tiki, kwa sababu Downloads nayo inaweza kuwa kwenye orodha, na hapo una vitu vyako. Nikaondoa programu tatu ambazo sijawahi kuzifungua. Mwisho nikaitumia ile akili ya Stacker: Windows 10 na 11 zina njia ya kubana faili za mfumo wenyewe, iitwayo Compact OS. Unafungua Command Prompt kama msimamizi, unaandika compact.exe /compactos:always, unangoja. Lapi ikiwa nzee utangoja sana, kwa hivyo hakikisha chaji ipo. Hiyo peke yake ilinipa gigabaiti 2 hivi.

Jumla nilipata karibu gigabaiti 9, na sikugusa hata picha moja yangu. Video ikahifadhika saa nane usiku.

Kesho yake nilisikiza rekodi ya kwanza mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza tangu matanga. Katikati shosho anasimama na kuniuliza kama hiyo kitu bado inanasa. Namjibu ndio, endelea.

Wewe lapi yako ni ya gigabaiti ngapi, na ni kitu gani ulishawahi kufuta ukajuta?