Teke la Bunduki na Masikio ya Mfuata Nyayo

Frederick Courteney Selous alifika kusini mwa Afrika mwaka 1871 akiwa na miaka 19, akitaka kuishi kwa kuwinda tembo. Bunduki yake nzuri iliibwa mapema, naye akabaki na uwezo wa kununua magobore mawili tu, yaliyotengenezwa na Hollis wa Birmingham na ambayo awali yalikusudiwa kuwindia bata. Kila moja lilikuwa na uzito wa karibu kilo 6 na lilirusha tufe la risasi la gramu 113. Baruti aliichota kwa mkono kutoka kwenye mfuko wa ngozi aliouning'iniza kiunoni, akaimimina mtutuni bila kuipima.

Siku moja, mbele ya tembo, gobore moja liligoma. Selous akalirudisha kwa msaidizi wake alishughulikie, na katika harakati zile likashindiliwa baruti mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Alipofyatua, lilimnyanyua, likamzungusha hewani, akaanguka kifudifudi mchangani, na bunduki yenyewe ikaruka juu ya bega lake ikatua mbali nyuma. Mkono wa kulia ulikataa kuinuka. Damu ilimtoka kwenye jeraha chini ya mfupa wa shavu, pale kitako kilipompiga kikielekea juu. Kitako hicho kilikuwa kimevishwa ngozi ya ndani ya sikio la tembo, iliyofungwa ikiwa mbichi ili ikauke na kukibana. Pamoja na hayo kilisambaratika.

Katika misimu mitatu Selous aliua tembo 78 kwa magobore yale. Baadaye aliandika kwamba alijuta kuyashika, kwa kuwa yalimharibia utulivu wa kulenga maisha yake yote. Maneno hayo yana uzito kuliko jeraha la shavuni. Jeraha hupona. Mwili uliokwisha kupigwa mara nyingi hujifunza kujikaza kabla ya mlio: jicho linafumba, kidole kinavuta kifyatulio kwa pupa, mdomo wa mtutu unashuka, na risasi inapiga tumbo badala ya moyo.

Samuel Baker alikuwa amekwisha kuyaonja hayo miaka kumi kabla. Katika safari zake za kuelekea chimbuko la Nile, zilizomfikisha kwenye Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa na bunduki ya fundi Holland ya kilo 9 iliyorusha kombora la karibu gramu 227. Waarabu wa Sudan waliiita Mwana wa Mzinga. Baker, mtu wa mwili mkubwa na nguvu zilizosifiwa, alikiri kwamba ilimzungusha alipoifyatua na kwamba aliiogopa. Wasaidizi wake waliiogopa zaidi.

Sababu ya teke aliieleza Newton mwaka 1687: kila msukumo una msukumo wa kuujibu, ulio sawa nao na unaoelekea upande wa pili. Wawindaji wa zama za baruti nyeusi hawakuwa na njia ya kurusha risasi kwa kasi kubwa, kwa hiyo waliongeza uzito wake, na bega likalipa. Walichoweza kufanya ni kuongeza uzito wa bunduki pia, halafu wakatafuta mtu wa kuibeba.

Nafuu ya kwanza ililetwa na kemia. Baruti isiyo na moshi ilipoingia mwishoni mwa karne ya 19, duka la Rigby la London lilitoa mwaka 1898 bunduki ya kaliba .450 iliyorusha risasi ya gramu 31 kwa mwendo wa takriban mita 655 kwa sekunde. Risasi ndogo iendayo mbio ilipenya mfupa kuliko tufe zito liendalo polepole, na bunduki ikapungua uzito. Baadaye zikafuata .416 Rigby mwaka 1911 na .375 ya Holland & Holland mwaka 1912, ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha chini kinachotajwa na sheria za nchi nyingi za Afrika kwa wanyama hatari. Kampuni ya Silver ya London nayo ilikuwa ikiuza pedi za mpira za kupachika nyuma ya kitako. Pedi haipunguzi teke lenyewe. Inalirefushia muda, na inalitandaza juu ya eneo kubwa zaidi la bega.

Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909 alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, zawadi ya marafiki wa Uingereza. Katika kitabu chake aliwataja waliobeba bunduki: Muhamed na Bakari kwake, na kwa mwanawe Kermit, Juma Yohari wa Zanzibar na Kasitura, Msoga. Nawataja hapa kwa sababu historia za bunduki huwa na majina ya mafundi na ya wapigaji tu. Mbeba bunduki alisimama hatua moja nyuma au kando ya mpigaji, bunduki ya pili mkononi, tayari kubadilishana. Mtutu wa zama zile ulikuwa mtupu, bila kifaa chochote mdomoni, na sehemu kubwa ya mlio ilikwenda mbele, kwa mnyama.

Katika muongo uleule, huko Karamoja kaskazini mwa Uganda, Mskoti aitwaye W. D. M. Bell alikuwa akishika njia ya kinyume. Aliua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake, wengi kwa bunduki ndogo ya Rigby .275, yenye risasi ya gramu 11 na teke ambalo kijana angeweza kulivumilia. Alipasua mafuvu ya tembo akasoma ubongo ulipokaa, akajua pembe ya kuufikia kutoka kila upande. Leo sheria zinakataza kaliba hiyo kwa tembo, na zinakataza kwa haki, maana wachache wana mkono wa Bell. Lakini alithibitisha kwamba bunduki isiyomtisha mpigaji hulenga vizuri.

Njia nyingine ya kulipunguza teke ni breki ya mdomoni mwa mtutu, na hiyo haikuzaliwa katika uwindaji. Ilizaliwa kwa wenye mizinga. Katikati ya karne ya 19 ofisa wa mizinga wa Ufaransa, Treuille de Beaulieu, alitoboa matundu karibu na mdomo wa mzinga, yameelekezwa nyuma kwa mshazari, ili gesi ya baruti itokee huko badala ya kwenda mbele yote. Wazo lilikuwa sahihi, ila lilikuja mapema mno. Mwaka 1897 Ufaransa ilitoa mzinga wa milimita 75 ambao mtutu wake uliteleza nyuma juu ya mtambo wa mafuta na hewa na kurudi wenyewe mahali pake, na kwa muda breki ikaonekana ya nini.

Vita Kuu ya Kwanza iliirudisha haja ya kupunguza teke begani kwa binadamu. Mwaka 1918 Wajerumani walipewa bunduki ya Mauser ya milimita 13.2 ya kutobolea vifaru. Haikuwa na breki wala pedi, na askari waliichukia. Waingereza walipotengeneza yao, bunduki ya Boys ya mwaka 1937, waliipachika breki mdomoni, na hata hivyo iliendelea kuogopwa. Vita ya Pili ilipokwisha, midomo minene yenye matundu ilikuwa jambo la kawaida kwenye mizinga ya vifaru. Huko Marekani Kanali Richard Cutts alikuwa amekwisha kubuni kifaa cha namna hiyo, kilichopachikwa kwenye bunduki ya Thompson tangu miaka ya 1920. Matundu yake yalitazama juu, ili gesi iubane mdomo wa mtutu usipande.

Kwa bunduki za uwindaji, haja ya kweli ililetwa na mashindano ya nguvu ya Wamarekani. Winchester ilitoa .458 Winchester Magnum mwaka 1956, katika bunduki iliyoitwa African, na idara za wanyamapori barani zikaipokea kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko bunduki za mitutu miwili za Waingereza. Roy Weatherby wa California alikwenda mbali zaidi. Risasi yake ya .378 ilitoka mwaka 1953, na kwa kuwa baadhi ya nchi za Afrika zilidai kaliba isiyopungua .40 kwa wanyama wakubwa, ikafuata .460 Weatherby Magnum kabla muongo ule haujaisha. Bunduki ya kawaida ya .30-06 hurudi begani kwa nguvu ya takriban jouli 27. Ile .375 ni kama mara mbili yake. Bunduki ya .460 hufika jouli 135, na ina nusu tu ya uzito wa ile ya Baker.

Hapo ndipo breki inapofanya kazi yake vizuri kuliko mahali pengine popote, na hesabu inaonyesha kwa nini. Risasi ya .460 ina gramu 32 na hutoka kwa mita 790 kwa sekunde. Nyuma yake zipo karibu gramu 8 za baruti zilizogeuka gesi, nazo hutoka kwa mwendo unaokaribia mara mbili ya ule wa risasi. Zidisha uzito kwa mwendo, utaona kwamba gesi peke yake inabeba kama sehemu tatu kati ya kumi za msukumo wote unaoirudisha bunduki, kama puto lililoachiwa mdomo. Msukumo wa risasi hauwezi kuguswa, kwa sababu ndio unaoua. Wa gesi unaweza.

Breki ni kipande cha chuma cha urefu wa vidole vichache, kilichofungwa kwa skurubu mdomoni mwa mtutu. Ndani yake mna vyumba, na kila chumba kina ukuta wenye tundu la katikati lililo pana kidogo kuliko risasi. Risasi inapita bila kugusa. Gesi inayoifuata inapanuka, inagonga ukuta, inauvuta mtutu mbele, kisha inatokea ubavuni. Matundu yakielekezwa nyuma kidogo, mvuto huo unaongezeka. Na kwa kuwa nguvu ya teke inakwenda kwa mraba wa mwendo wa bunduki kurudi nyuma, ukipunguza mwendo huo kwa sehemu moja ya tano, zaidi ya theluthi ya nguvu imekwisha. Breki nzuri kwenye magnum yenye baruti nyingi hupunguza theluthi moja hadi nusu. Gobore la Selous lisingepata faida kama hiyo, kwa sababu risasi yake ilikuwa nzito na gesi yake dhaifu ilipofika mdomoni.

Miaka ya 1990 Weatherby ilikuwa ikiziuza bunduki zake kubwa zikiwa na breki kutoka kiwandani. Wawindaji waliokuwa wakiogopa .378 wakaanza kuzifyatua mara kumi mfululizo mbele ya shabaha. Bega limepona kweli. Ila gesi haijatoweka. Imehamishiwa upande, na upande una watu.

Katika uwindaji wa kitalii wa Tanzania, mgeni haendi peke yake. Yupo mwindaji bingwa, yupo askari wa wanyamapori, na mbele yao wote yupo mfuata nyayo. Huyu ndiye anayesoma kinyesi cha nyati na jani lililopinda, na mara nyingi ndiye anayebeba fimbo tatu za kuegemeza bunduki. Nyati wakionekana anazifungua, anazisimika, mgeni anaweka bunduki juu yake, na yeye anachuchumaa hapohapo. Mdomo wa mtutu unakaa umbali wa mkono kutoka sikioni mwake. Mlio wa bunduki ya kawaida ni kama desibeli 160, na masikio huanza kuumia kwa mlio wa ghafla unaopita 140. Breki huongeza mlio huo kwa aliye ubavuni, na desibeli 10 za nyongeza ni mgandamizo wa hewa uliozidi mara tatu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa haviotei tena. Mgeni anakuja kwa siku 10 au 21. Mfuata nyayo yuko kwenye kitalu cha uwindaji msimu mzima, na msimu unaofuata, na sikio ni zana yake ya kazi: tawi linalovunjika, ndege anayeruka mgongoni mwa nyati.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema breki ipigwe marufuku tu. Nyati aliyepigwa tumboni na mpigaji aliyefumba macho anaingia kichakani, na anayetangulia kumfuata humo ni mfuata nyayo yuleyule. Teke kali linamhatarisha kwa njia moja na breki inamhatarisha kwa nyingine. Swali la haki ni kama aliulizwa, na kama alipewa viziba masikio kabla hajachuchumaa.

Watengenezaji waliyasikia malalamiko. Browning, iliyouza breki iliyounganishwa na kizito cha kurekebisha mtikisiko wa mtutu, ilitoa baadaye toleo lisilo na matundu kwa ajili ya waliochoshwa na mlio. Njia nyingine ni kiwambo cha sauti, ambacho Hiram Percy Maxim alikipatia hataza Marekani mwaka 1909. Baba yake ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim, ile ambayo majeshi ya kikoloni yalikuja nayo Afrika Mashariki, na miaka ya kuijaribu ilimwacha mzee huyo kiziwi. Kiwambo huikamata gesi na kuipoza kabla ya kuiachia, kwa hiyo kinapunguza teke na mlio pamoja. Huko Finland na Norway wawindaji hukitumia kama chombo cha afya. Kwingi kwingine sheria inakitazama kama kifaa cha jambazi, na kwenye bunduki ya nyati kinarefusha mtutu kichakani.

Kwa sasa wawindaji bingwa wengi wamefikia utaratibu wa vitendo. Mgeni afanye mazoezi nyumbani na breki, akiwa na viziba masikio, mpaka mwili uache kujikaza. Akifika kambini aifungue breki, afunge kifuniko cha kulinda skurubu, na apige risasi chache kwenye shabaha kabla ya kuingia porini. Hatua hiyo ya mwisho hairukwi. Kuondoa uzito ule mdomoni hubadilisha mtikisiko wa mtutu, na bunduki iliyopimwa na breki inaweza kupiga mahali pengine bila breki, juu au kando. Mfuata nyayo hujua hilo vizuri, na kwenye kambi zenye nidhamu yeye ndiye anayekwenda kuitazama karatasi ya shabaha, risasi zilipotua.